Sura ya Kumi na Moja: Jumamosi Ambayo Injini Haikunguruma

Duka la fundi saa lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na kila aliyeingia alipokewa na saa kabla ya kupokewa na mtu. Za ukutani zilikuwa arobaini na kitu, zote zinatembea, zote zimekubaliana. Inspekta aliyebandikwa jina la Kobe, kwa ajili ya shingo yake na mwendo wake, alisimama mlangoni akazisikiliza. Mara ya mwisho kuingia humu, miezi saba iliyopita, alikuja kumpa Fundi pole ya kufiwa na mke. Safari hii alikuja na saa mbovu mfukoni. Saa yenyewe haikuwa mbovu.

"Karibu, Afande," alisema Fundi bila kuinua kichwa. Alikuwa ameibana lenzi kwenye jicho la kulia. "Umekuja kikazi au umekuja kama mteja?"

"Mteja. Saa ya baba inachelewa."

"Haiwezi kuchelewa. Lete."

Aliibandua mgongo kwa kisu chembamba, akaiinamia, akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani. Akavua lenzi akampa Kobe.

"Tazama. Mkono wangu huo."

Upande wa ndani wa kifuniko, mahali asipopaona mvaaji hata akivaa saa miaka hamsini, kulikuwa na mikwaruzo myembamba kama miguu ya sisimizi. Tarehe zilikuwa tatu, moja chini ya nyingine. Kila moja ilimalizika kwa kimkia kilichojikunja.

"Marehemu baba yako aliniletea mara tatu," alisema Fundi. "Kila fundi wa saa akifungua kitu anaandika ndani tarehe na sahihi yake, ili atakayekuja baadaye ajue nani aligusa na lini. Hako kamkia ndiyo sahihi yangu. Fundi asiyeweka alama ni mwizi."

"Na ukisahau je?"

"Huwezi kusahau. Mkono unakwenda wenyewe. Hapa nilipo nishaweka ya leo." Alionyesha ncha ya sindano iliyokuwa bado kati ya vidole vyake. Kweli, chini ya zile tatu kulikuwa na ya nne, mpya, inameta: 1.4, na mkia wake.

Kobe hakumwona akiiandika.

Alivuta kigoda akakaa. Hakuwa na haraka ya kusema, lakini muda alikuwa hana. Jumatatu asubuhi shemeji ya Fundi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua dada yake mwenyewe, na aliyemfunga pingu alikuwa ni huyu huyu Kobe.

Mke wa Fundi alikuwa mshonaji. Aliondoka Ijumaa, tarehe mbili mwezi wa tisa, kwenda kwa kaka yake, mji wa kilomita mia na hamsini kutoka hapa. Fundi alisema alimwacha stendi ya basi mchana kweupe, begi mkononi. Siku ya tano akaokotwa amekufa kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nyuma ya nyumba ya kaka mtu. Kaka mtu akaulizwa kama alizungumza na dada yake wiki ile, akasema hapana. Simu yake ikasema ndiyo, mara tisa. Mtu akidanganya kuhusu simu tisa, polisi hawamwulizi ya kumi.

Fundi naye alichunguzwa. Gari la nyumba lilikuwa la umeme, la mkewe, lenye kiinjini kidogo cha petroli nyuma, cha kuchaji betri ikikaribia kuisha njiani. Betri peke yake ilikwenda kilomita mia na ishirini. Kwenda kule machimbo na kurudi ni mia tatu. Aliyekwenda angelazimika kuchoma petroli nyingi, na petroli ya Fundi haikuguswa: alitoa risiti ya mwezi wa pili, akasema tangu siku ile hakuongeza tone. Kobe akachungulia geji. Imejaa, vistari vinane kati ya vinane. Kilomita za dashibodi hazikumsaidia, maana Fundi alikuwa amezunguka mji mzima siku tano akimtafuta mkewe, na hakuna aliyeziandika kabla. Kobe akaandika kwenye daftari maneno mawili, *Tangi limejaa*, akapiga mstari chini yake.

Mstari ule ndio uliokuwa unamnyima raha. Alhamisi iliyopita alishuka mahabusu, na kaka mtu akamwambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwa nini alidanganya.

"Dada alikuwa anamwacha yule mtu, Afande. Anahama na mama. Mama anaishi kule kule kwake, haoni vizuri. Ningewaambia nyie, mngemwambia yeye, na mama yuko mikononi mwake. Bora mniite mwongo." Halafu akatazama mlango wa chuma. "Usiku dada anakuja. Anasimama hapo na begi lake. Hasemi. Anasubiri mtu amfungulie."

Kobe alipanda ngazi, akaenda kupiga soga karakana ili ajisahaulishe. Pale ndipo fundi wa magari aliyeitwa Kipara, akiwa amelala chini ya gari la kituo, alipomfungua macho bila kujua.

"Petroli ni kama maziwa, mzee. Ikikaa inachacha. Wenye magari yale ya umeme tangi linawalalia mwaka mzima. Mwenye akili anatia dawa, na kila mwezi anawasha injini kidogo, petroli ipite kwenye mirija isigande kama gundi."

"Akiwasha kidogo, inakula?"

"Injini gani isiyokula? Hata mgeni wa dakika kumi anakunywa maji."

Sasa saa arobaini za ukutani zilikuwa zinaelekea saa kumi alasiri. Zilipobaki dakika tano Fundi aliweka sindano chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akachukua saa ya kupimia muda kutoka kwenye droo.

"Niwie radhi, Afande. Nina kazi ya dakika kumi nyuma. Jumamosi ya kwanza ya mwezi."

"Kazi gani?"

"Kuwasha gari. Petroli inataka kukumbushwa kazi yake."

"Nenda tu. Nitamsalimu mama."

Fundi alisita, kidogo tu, kama mshale wa sekunde unaogusa vumbi. Kisha akatoka.

Chumba cha mama kilikuwa mwisho wa ukumbi, dirisha lake likitazamana na banda la gari. Kobe alimkuta kikongwe amekaa wima kwenye kiti, amevaa nguo ya kutokea, nywele zimechanwa na kupakwa mafuta. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni yule askari mwenye hatua nzito. Kaa. Anakaribia kuja."

"Nani, mama?"

"Binti yangu."

Saa zote arobaini zikapiga kwa mkupuo mmoja, nyumba ikatetemeka vyombo, na zilipomaliza, kule bandani injini ikanguruma. Ilikuwa ndogo, sauti yake nene na ya kukwaruza, kama mtu anayesafisha koo. Kikongwe aliinua kiganja kuelekea dirishani.

"Umefika, mama? Nimekusikia. Mimi mzima. Mguu tu unauma."

Akanyamaza, akasikiliza, akatikisa kichwa kama anayejibiwa.

Kwa miaka ishirini na sita Kobe alikuwa akiingia nyumba za watu waliouawa. Hakuwahi kutamani kutoka kwenye chumba kama alivyotamani kutoka humu. Alibaki.

"Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani," kikongwe alimwambia kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kumkatiza mgeni. "Mume anasimama nje anamhesabia dakika. Mimi nakaa hapa. Akinipungia siioni, lakini najua anapunga. Kwa hiyo namwitikia. Sasa anakuja mwenyewe."

"Haijawahi kukosa, mama? Jumamosi ya kwanza?"

"Ilikosa mara moja. Siku moja tu tangu aondoke. Aliondoka Ijumaa, kesho yake ni Jumamosi ya kwanza. Nilikaa hapa kuanzia saa tisa mpaka jua likazama. Haikunguruma. Nikamwita mkwe wangu, nikamwuliza, leo vipi? Akasema, leo haina haja." Alikunja vidole juu ya goti. "Ndipo nilipojua mwanangu amekufa. Nyie mmekuja kuniambia siku ya tano. Mimi nilikuwa nimeshalia nikamaliza."

"Leo haina haja. Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mama, mbona hukuniambia siku zile?"

"Uliniuliza? Uliniuliza kama nilisikia gari likitoka usiku. Nikakwambia sikusikia, na kweli sikusikia. Gari lile likitembea kwa umeme hata paka halimshtui."

Kobe alisimama. Alipita dukani, akaokota lenzi mezani, akaitia mfukoni, akatoka nyuma.

Banda lilikuwa safi kuliko vyumba vingi vya kulala. Gari lilikuwa dogo, la kijivu, mlango wa banda umeachwa wazi ili moshi utoke. Kwenye rafu kulikuwa na chupa ya dawa ya petroli, kifuniko kidogo cha kupimia kimegeuzwa juu yake, na chini ya rafu dumu la lita ishirini, tupu, limepanguswa. Fundi alisimama kando ya gari, macho kwenye saa ile ya kupimia muda. Ilipotimia dakika ya kumi aliingiza mkono dirishani akazima.

"Huwa unafanyaje hasa?" aliuliza Kobe. "Na mimi nafikiria kununua moja kama hili."

"Kwa mshahara wa polisi?"

"Kuota hakutozwi ushuru."

Fundi alicheka kidogo, na akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kama mtu anayesifu mtoto wake. Tangi lijae, maana nafasi tupu huingiza hewa, na hewa ndiyo inayochachisha. Dawa itiwe siku ile ile ya kujaza, si kesho yake. Injini iwashwe ipate moto kweli kweli, isizimwe mapema, la sivyo unyevu unabaki ndani. Petroli iliyochacha, alisema, unaijua kwa pua kabla ya jicho: inanuka rangi ya mbao.

"Hii ya kwako ni ya lini?"

"Unajua. Mwezi wa pili mwaka jana. Risiti unayo kwenye faili lako."

"Na tangu siku ile hukuongeza?"

"Hata tone."

Kobe aliinama akachungulia ndani. Geji ilikuwa inawaka bado. Alihesabu kwa kidole, kwa sauti, taratibu kama mtoto wa chekechea. "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Vistari vitano. Vilikuwa vinane nilipokuja mwezi wa tisa."

"Ndiyo. Nawasha kila mwezi. Inapungua."

"Basi nihesabie, Fundi, hesabu mimi ilinikimbia nikiwa darasa la tano. Tangu mwezi wa kumi mpaka leo umewasha mara ngapi?"

"Saba."

"Mara saba, vistari vitatu vimekwenda. Haya. Toka mwezi wa tatu mpaka wa nane, marehemu akiwa hai, mliwasha mara ngapi?"

Fundi alifungua mdomo. Kobe aliona jibu likifika kwenye ulimi na kusimama pale.

"Sita," alisema Kobe. "Mara sita, halafu mimi nikaja nikakuta vinane. Tangi halikupungua hata nywele. Miezi saba nimelala nikijua tangi lililojaa ni ushahidi wako. Kumbe lilijaa kupita kiasi."

Mahali fulani dukani saa moja ilitoa mlio wa robo.

"Labda marehemu aliongeza," alisema Fundi. "Mwezi wa nane. Wanawake hawasemi kila kitu."

"Labda."

"Mtu aliyekufa huwezi kumwuliza."

"Kweli. Tumwulize kifuniko cha tangi."

Kobe alizunguka nyuma ya gari kwa mwendo wake ule ule. Alibonyeza kijilango cha tangi kikafunguka. Upande wa ndani ulikuwa bati lililopakwa rangi ya kijivu, safi, hapana hata alama ya kidole. Kwa macho hapakuwa na kitu. Akatoa lenzi, akaibana jichoni.

Ilikuwa pale pembeni, karibu na bawaba. Miguu ya sisimizi. 14.2, na kimkia. Chini yake, nadhifu, kwa mwandiko ule ule: 3.9, na kimkia.

Kobe aliinuka akampa lenzi. "Mkono wa nani huu?"

Fundi hakuipokea. Alikitazama kijilango kutoka alipokuwa, kwa jicho tupu, na Kobe alijua kwamba hakuwa anaona chochote. Alikuwa anakumbuka.

"Sikumbuki kuiweka," alisema mwishowe. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anashangaa.

"Mkono ulikwenda wenyewe. Alfajiri ya tarehe tatu ulirudi, ukajaza kutoka dumu lile, ukatia dawa, ukaandika. Na alasiri yake injini haikuwa na haja ya kuwashwa, maana ilikuwa imekimbia usiku kucha na petroli ni mpya. Hukumdanganya mama. Ulitoka hapa kwa umeme, kimya. Nje ya mji ukawasha injini. Kurudi ukabakiza chaji kidogo ya kuingilia nyumbani, kama asilimia kumi."

"Kumi na mbili," alisema Fundi.

Akasikia alichokisema. Alikaa chini polepole kwenye dumu tupu, mikono kati ya magoti.

"Alikuwa ameshafunga begi," alisema. "Stendi hatukufika. Nilimshika asitoke. Nilimshika muda mrefu. Angeondoka na mama yake, Afande. Nyumba ingebaki na saa tu."

"Yatosha. Mengine utayasema kituoni, na mtu akiandika."

"Kule machimbo nilimpeleka ili awe karibu na kwao."

"Na ili kaka yake akamatwe."

Fundi alilipangusa dumu kwa kiganja.

"Nieleze moja tu," alisema Kobe. "Mkeo alipokwisha kufa, ulikuwa unaiwasha injini ya nini? Ungeiacha petroli ichache, leo hii nisingekuwa na vistari vya kuhesabu."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ingeharibika," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Na mama anaisubiri."

Dereva wa kituo, aliyekuwa akisinzia nje kwenye gari, aliitwa akaja na pingu. Fundi alitoa mikono bila kusukumwa. Alipopita dukani alisimama nusu hatua mbele ya saa moja ya ukutani, akainama upande kuisikiliza, na dereva akamvuta.

Kobe alipiga simu mbili. Ya kwanza kwa mwendesha mashtaka, ambaye alikuwa anakula na hakupenda kukatizwa.

"Jumatatu usimpandishe yule kaka mtu."

"Kobe, faili ulilifunga wewe mwenyewe."

"Ndiyo. Nalifungua."

Ya pili ilikuwa kwa askari wa zamu wa mahabusu. Aliomba yule kaka mtu atolewe kwenye chumba chake, apewe kiti na chai, na aambiwe mlango usifungwe. Aliirudia hiyo ya mlango mara mbili.

Halafu ikabaki kazi ambayo hakuna wa kumpigia simu aifanye. Alirudi ukumbini, hatua zake nzito, na kikongwe alikuwa bado amekaa wima na nguo yake ya kutokea. Kobe alichuchumaa mbele ya kiti, magoti yakalia, akamweleza. Hakupamba. Alieleza gari, usiku, dumu, alama. Alieleza nani aliyekuwa bandani kila Jumamosi ya kwanza, na saa mkononi.

Kikongwe alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alikuwa ameshalia akamaliza.

"Basi miezi saba," alisema, "nilikuwa namwitikia yeye."

"Ndiyo, mama."

"Nimemwambia mambo ya mguu wangu. Nimemwambia namkumbuka." Alijifuta kiganja kwenye nguo, kile alichokuwa akikiinua dirishani, akakifuta tena, na tena. "Na mwanangu wa kiume?"

"Kesho jioni atakuwa hapa. Nitamleta mimi mwenyewe."

Kutoka dukani saa zilikuwa zinaendelea, arobaini na kitu, zote kwa hatua moja, kama askari wasioambiwa kwamba kamanda amekamatwa. Kobe alikumbuka saa ya baba yake. Ilikuwa mezani, mgongo wazi, na tarehe ya leo ndani yake kwa mkono ule. Angeivaa tena, alijua, kwa sababu haikuwa na kosa. Haikuwahi kuchelewa hata dakika.

"Hizi saa zinatiwa ufunguo kila Jumapili asubuhi," alisema kikongwe. "Kesho nani atazitia?"

"Hakuna, mama. Nimtafute mtu?"

"Usimtafute." Aligeuza uso wake wenye ukungu kutoka dirishani, akauelekeza upande wa mlango wa mbele. "Ziache zisimame. Kesho nataka nisikie mwanangu akibisha hodi."